Seremala Asiyetumia Misumari

Miaka hamsini na mitatu nimeunga mbao
kwa ulimi na tundu, kwa kabari na subira.
Msumari ni uvivu, alisema aliyenifunza:
chuma huliwa na kutu, kutu hula mti,
na paa la hekalu halina haraka ya kuanguka.

Mimi ndiye niliyeanguka.
Februari, Takayama, theluji ya kufika mapajani juu ya vigae.
Mguu wa kushoto ulitangulia, ukakuta taa ya mawe.
Goko likalia kama ubao mbichi.
Nilijua kabla ya maumivu: umepasuka mshazari, kwa kujisokota,
mpasuko ambao hata kwenye boriti ningeukataa.

"Tutatia msumari," akasema Daktari Orihara,
umri wa mjukuu wangu, kucha fupi kama za mpishi.
Nikacheka mpaka muuguzi akaja kunipima joto.

Walinichoma ganzi ya mgongoni. Kuanzia kiunoni
nikawa mali ya mtu mwingine.
Wakatundika pazia la kijani mbele ya kifua changu,
ila hakuna aliyekumbuka kuziba masikio
ya mtu aliyekula kwa masikio maisha yake yote.

Basi nikasikiliza kazi.
Kwanza msharasi, chini ya goti lililokunjwa,
ukitafuta mlango wa muundi.
Kisha waya mwembamba, ukiteremka ndani ya uboho
hadi ng'ambo ya palipovunjika,
kama fimbo ya kipofu kwenye ngazi asizozijua.
Kisha keekee. Milimita nane na nusu: kimya.
Tisa: kimya. Tisa na nusu: inakwaruza kidogo.
Kumi, na mfupa ukaanza kunguruma,
ngurumo ile ile ya hinoki, patasi inapofika kiini.
Simama hapo, nikasema moyoni.
Naye akasimama. Nikampenda kidogo.

"Huo unga, unautupa?"
"Hapana, babu. Unabaki penye ufa, ndiko kwenye kazi yake."
Hata mimi huchanganya vumbi la msumeno na gundi ya wali.

Nyundo: pigo jepesi, jepesi, pumziko, jepesi.
Parafujo mbili za juu ziliingia bila ugomvi,
kuna kiolezo kinachoshika keekee mkono.
Za chini hazina kiolezo. Za chini ni jicho tu.
Wakaigeuza mashine ya eksirei, wakaigeuza tena,
mpaka tundu la msumari lionekane duara kamili;
likiwa yai, alimwambia msaidizi wake, hujapanga.
Keekee ikaingia. Ukuta wa kwanza wa mfupa: sauti kavu.
Hapo ilipaswa kuwa kimya, kisha ukuta wa pili.
Nikasikia chuma kikisugua chuma, kikateleza pembeni.

"Umekosa tundu," nikasema.

Chumba kizima kikanyamaza. Daktari wa ganzi akakohoa.
Picha. Picha nyingine, ya ubavuni.
"Nimekosa," akasema. Hakusema mashine imekosa.
"Bwana Nishide, nikirudia, utaniambia unachosikia?"

Tukatoboa pamoja.
Kavu. Kimya. Kavu.
"Umefika."
Akapima kina: thelathini na sita.
Bisibisi, mizunguko ya mwisho, vidole viwili tu.
Ndivyo. Bega halihusiki.

Majani yalipoanza kuwa mekundu nilipanda ngazi,
mke wangu Sumie asijue.
Goti huniuma kabla ya mvua. Wanafunzi hunong'ona
kwamba mzee naye kapigwa msumari,
wakidhani yale masikio nayo yamezeeka.

Mwaka ulipotimia nikaomba picha,
nikalitafuta lile tundu la makosa.
Halikuwepo. Mfupa ulikuwa umelijaza
bila kumwambia mtu.

Nimeibandika karakana, juu ya rafu ya randa.
Miaka hamsini na mitatu, na mti
haujawahi kunisamehe hata tundu moja.